Nani apande, nani abaki chini: familia ya Nairobi na mashine ya kwenda Mars

Kisa chenyewe

Familia moja ya Nairobi ilikuja ofisini kwetu kupanga safari ya likizo ya Agosti kwenda Florida, Marekani, anakoishi dada mkubwa wa mama mwenye nyumba. Viza, tiketi na bima vilimalizwa bila vurugu. Kilichowala wiki na wiki za mabishano ni jambo la dakika tano: wapande au wasipande Mission: SPACE, simuleta, yaani mashine ya kuigiza safari ya Mars, iliyoko Epcot, bustani ya burudani ndani ya Walt Disney World karibu na Orlando.

Wenyewe wameniruhusu kuandika. Majina, mtaa, kazi zao na mwaka wa safari nimeviondoa, na vitu viwili vitatu vidogo nimevibadilisha ili jirani asiwatambue. Ninaandikia mawakala wenzangu wa safari, pamoja na wazazi ambao mtoto ameshawaonyesha video ya mashine fulani na sasa nyumbani hakukaliki.

Mashine ikoje

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu karibu kila kosa lililofuata lilianzia kwa watu kujadili mashine wasiyoijua inavyofanya kazi.

Simuleta nyingi za bustani za burudani ni jukwaa lenye viti, lililosimama juu ya miguu inayorefuka na kufupika. Star Tours, iliyofunguliwa Disneyland mwaka 1987, ni ya aina hiyo. Jukwaa likikuinamisha nyuma, uzito wako mwenyewe unakubana kwenye kiti, na kwa kuwa skrini inaonyesha chombo kikichomoka, ubongo unaamini umeongeza kasi. Hujaenda popote. Ni kiinimacho kizuri, lakini kina kikomo: jukwaa haliwezi kukuongezea uzito kwa zaidi ya kamuda kafupi.

Mission: SPACE, iliyofunguliwa 2003, upande wake wa rangi ya machungwa haufanyi kiinimacho hicho. Ni sentrifuji: mikono mikubwa inayozungusha vichumba vidogo, watu wanne kila kichumba, na mzunguko ndio unaoleta nguvu ya kweli inayofika hadi 2.5 G. Kwa lugha ya mizani, mtu wa kilo 70 anajihisi kama ana kilo 175. Chombo cha angani cha shuttle cha NASA kilipokuwa kikiruka, wanaanga walifika kama 3 G, kwa hiyo huu si mchezo wa bembea. Na ujanja wake mkubwa ni kwamba mzunguko umefichwa. Macho yanaona roketi inanyooka kwenda Mars. Hakuna dirisha wala upepo wa kukwambia kwamba unazungushwa.

Ndiyo maana abiria anaambiwa aegemeze kichwa kwenye kiti, aangalie skrini mbele yake, asigeuke, asifumbe macho. Wengi husikia maneno hayo kama wanavyosikia tangazo la mkanda wa ndege. Sababu iko ndani ya sikio. Kila sikio la ndani lina mirija mitatu ya nusu duara yenye majimaji, kila mmoja umeelekea upande wake. Mwili ukizungushwa kwa kasi isiyobadilika, majimaji hutulia baada ya muda na ubongo husahau kwamba kuna mzunguko. Geuza kichwa wakati huo, na mrija mmoja unatoka kwenye mkondo wa mzunguko huku mwingine ukiingia. Ubongo unapokea habari ya mwendo ambao haupo popote, si machoni wala mwilini. Kichefuchefu kinachokuja hapo huja kwa ghafla, na hakishuki mtu anaposhuka.

Tangu Mei 2006 kuna upande wa pili, wa kijani. Jengo ni lilelile na vichumba ni vilevile, ila havizungushwi. Vinainama na kutikisika tu. Tangu 2017 upande huo una safari yake mwenyewe, ya kuizunguka dunia. Kimo kinachotakiwa ni sentimita 112 kwa machungwa na 102 kwa kijani. Tangazo la afya limewekwa wazi: mwenye shinikizo la damu, shida ya moyo, mgongo au shingo, mwenye kutapishwa na mwendo, na mjamzito, anaombwa asipande. Kimo unapimwa mlangoni. Presha na moyo hakuna anayekupima. Hayo umeachiwa mwenyewe.

Familia

Baba ana miaka arobaini na kitu, kazi yake ni ya barabarani, na sifa yake nyumbani ni kwamba hajawahi kutapika kwenye gari lolote, hata matatu ya zamani ya Mai Mahiu ikiwa nyuma ya lori. Mama amemzidi umri kidogo. Ana presha tangu mimba ya pili, anameza tembe mbili kila asubuhi, mojawapo ni ya kupunguza maji mwilini. Kijana wao ana miaka 14 na ndiye aliyeanzisha habari ya Mars. Kitindamimba ni msichana wa miaka 6. Shosho, mama yake Baba, anaishi nao. Huko Florida yuko Mama Mkubwa wa watoto, ambaye ameipanda mashine hiyo mara kadhaa na anaizungumzia kama mtu anavyozungumzia lifti ya Times Tower.

Mambo yalivyokwenda

Kikao cha kwanza nilikisikia kupitia simu ya Mama, na swali lililotawala lilikuwa nani ana moyo wa kupanda. Kijana akasema wote. Baba akasema yeye hata mara mbili. Mama akasema ataona. Msichana akapelekwa kwenye fremu ya mlango na futi ya fundi wa nguo: sentimita 109, amesimama wima kama askari, visigino vimeinuka kidogo hadi kaka yake alipomkanyagia chini. Machungwa hapati, kijani anapata. Yakaishia hapo kwake, na kusema kweli ndiye pekee ambaye uamuzi wake haukubadilika tena, kwa sababu ulikuwa na namba.

Jumamosi iliyofuata Baba alikuja na wazo la kujipima. Waende mall moja kando ya Thika Road, kwenye kona ya michezo, penye viti vinavyotikisika huku mtu amevaa miwani mikubwa ya VR. Walipanda wote isipokuwa mdogo. Kijana alipiga kelele za furaha. Baba alishuka anacheka, akauliza kama hiyo ndiyo waliyokuwa wakiiogopa. Mama alivua miwani kabla ya nusu, akakaa kwenye benchi la nje ya duka la viatu, jasho limemtoka juu ya mdomo, akaomba maji. Familia ikatoa hukumu: Baba na kijana wamefaulu, Mama ameanguka.

Mama alinipigia Jumatatu kuuliza kama hukumu hiyo ni sawa. Nilimwambia kuhusu yeye ni sawa lakini sababu si hiyo, na kuhusu Baba bado hatujui kitu. Kwenye miwani ya VR macho yanaona mwendo mwingi huku mwili umekaa kwenye kiti kinachotikisika tu. Kwenye sentrifuji mambo yamegeuka: mwili unabebeshwa mzigo halisi na sikio linazungushwa, huku macho yanaonyeshwa safari iliyonyooka. Kuna mtu anayeshindwa na la kwanza akaliweza la pili, na yuko wa kinyume chake. Kwa hiyo jaribio la mall lilipima kitu, ila si kile kilichokuwa kikiulizwa.

Katikati ya wiki ujumbe ukaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ule wa kusambazwa mara nyingi: mashine ya Marekani inayoua watu. Ndani yake mlikuwa na ukweli uliochanganywa na chumvi. Ukweli wenyewe ni huu. Juni 2005 mtoto wa miaka minne alifariki baada ya kuipanda, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha alikuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo ambao haukuwa umejulikana. Aprili 2006 mwanamke wa miaka 49 kutoka Ujerumani alifariki kwa kuvuja damu kwenye ubongo, na uchunguzi ukataja presha kali ya muda mrefu. Upande wa kijani ulifunguliwa mwezi uliofuata. Watu waliopanda tangu 2003 ni mamilioni. Niliwaandikia hivyo hivyo, bila kupunguza wala kuongeza, kwa sababu mteja aliyefichwa jambo leo atalikuta kwenye simu yake kesho.

Baba aliusoma ujumbe kama umbea. Kijana alisema vifo viwili kati ya mamilioni ni hesabu ndogo kuliko ya bodaboda. Hapo ndipo Shosho, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akitajwa tu kama mzee anayeogopa ndege, alipouliza swali lake mezani:

"Huyo mtoto wa miaka minne, moyo wake ulikuwa na nini?"

Wakamweleza.

"Na baba mdogo wa hawa watoto je? Si alianguka uwanjani akiwa fomu four? Mlisema ni jua."

Baba alinyamaza. Mdogo wake alikuwa amefariki akicheza mpira, hakupimwa, akazikwa, na familia ikakubali maelezo ya jua na njaa. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Hakuna aliyekuwa ameliweka jambo hilo kwenye mazungumzo ya Mars, na mimi kwenye fomu zangu sikuwa na mahali pa kuliuliza.

Wakaenda kwa daktari wa moyo. Walimpeleka kijana, daktari akasema aanze Baba. Akawaeleza kwamba ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa mara nyingi hurithiwa, kwamba mzazi aliye nao humpa kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, na kwamba ni mojawapo ya sababu zinazojulikana za vijana wenye afya kuanguka ghafla michezoni. Wote wawili walipigwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na ultrasaundi ya moyo. Baba alilalamikia bili mpaka maegesho. Majibu yalikuwa mazuri kwa wote, na daktari akaongeza kwamba kijana arudi baada ya miaka kadhaa, maana ugonjwa huo unaweza kujionyesha mtoto akiwa bado anakua.

Mama naye alikwenda kliniki anakochukulia dawa, na alikwenda na ombi la Kikenya kabisa: aandikiwe barua. Alidhani akifika mlangoni na karatasi yenye muhuri kwamba presha yake inadhibitiwa, ataruhusiwa. Tabibu alimpima, ikasoma 148 kwa 92. Akamwambia kwamba kwanza hiyo haijadhibitiwa, ingetakiwa iwe chini ya 140 kwa 90. Pili, tangazo linasema mwenye presha, halisemi mwenye presha asiyekunywa dawa. Tatu, hakuna mtu mlangoni anayesubiri barua. "Barua ungejiandikia wewe mwenyewe," alimwambia. Kipimo cha dawa kikaongezwa, akaambiwa arudi kabla ya safari. Akaonywa pia kuhusu joto: Agosti Orlando hupita nyuzi 30 na unyevu wake ni wa Mombasa, na mtu anayemeza tembe ya kupunguza maji akisimama foleni bila kunywa anaweza kuanguka hata kabla ya kuona mashine.

Kwa upande wa kijani tabibu alisita. Mwishoni akasema: presha ikiwa imeshuka siku ya kurudi kliniki, na kwa kuwa hakuna kuzungushwa, hatamkataza, lakini hatamhimiza.

Jaribio la maana kuliko yote lilifanyika sebuleni, na aliyelibuni ni kijana baada ya mimi kumtajia kiti cha Bárány. Ni kiti kinachozunguka ambacho marubani hufundishiwa jinsi sikio linavyodanganya, na jina lake ni la Robert Bárány, daktari wa Vienna aliyepata Tuzo ya Nobel ya 1914 kwa kazi yake juu ya sikio la ndani. Nyumbani kwao kulikuwa na kiti cha ofisi chenye magurudumu. Wakayafunga kwa taulo, meza ya kioo ikasogezwa, kijana akakaa, akafumba macho, Baba akamzungusha polepole kwa kasi moja. Dakika ikapita, hakuna shida. Kisha akainamisha kichwa begani. Mama anasema alishika mikono ya kiti kama anayetupwa nje ya dirisha, akapiga kelele wasimamishe, akashuka akitembea kwa kushika ukuta mpaka chooni. Hakutapika. Aliporudi alisema tu kwamba kumbe kichwa ndicho.

"Baba, zamu yako."

"Mimi nimeshapita mall."

Karatasi kwenye friji

Wiki mbili kabla ya safari niliwaomba waandike maamuzi kwenye karatasi moja na waibandike mahali wanapopita. Msichana, kijani. Kijana, machungwa, kichwa kwenye kiti. Mama, machungwa hapana, hata dada akisemaje. Kijani kama presha iko sawa asubuhi hiyo. Baba, machungwa. Chini yake nikawaongezea: wapande asubuhi baada ya kifungua kinywa chepesi, wasipande siku ya kwanza au ya pili ya kufika, na mwenye kutaka dawa ya kichefuchefu aulize kemisti mapema na aimeze kabla, kwa sababu dawa hizo huzuia vizuri kuliko zinavyotibu. Baba alinunua promethazine. Alisema ni ya Mama.

Bima ilikuwa imeandikwa wazi kwamba Mama ana presha. Hilo sikuwaachia hiari. Mtu asiyetaja ugonjwa alionao anaweza kujikuta bima imemkana, na bili ya hospitali Marekani inaweza kumeza shamba.

Siku ya Epcot

Ilikuwa siku ya tatu baada ya kufika. Nairobi na Orlando wakati huo wa mwaka zinatofautiana kwa saa 7, na Baba alikuwa akiamka saa tisa usiku kila siku na kutazama dari. Mpango wa asubuhi ulivunjika kwa sababu Mama Mkubwa alitaka waanzie kwingine. Walifika kwenye mashine baada ya chakula cha mchana, na Baba alikuwa amekula baga, chipsi na nusu ya chakula cha binti yake.

Mlangoni Mama Mkubwa alianza. Ni dakika tano tu. Umetoka Kenya mpaka hapa. Mimi pia nina presha, unaniona nimekufa? Mama anasema kilichomsaidia hakikuwa ujasiri. Alimjibu dada yake kwamba jambo hili lilishaamuliwa nyumbani na Shosho yuko ndani yake, na hakutaka kulifungua upya akiwa juani. Alikuwa amejipima asubuhi kwa mashine ndogo ya dadake: 132 kwa 84. Akachukua upande wa kijani na binti yake.

Huko kijani hakukuwa na shida ya presha wala ya tumbo. Shida ilikuwa mlango. Kichumba ni kidogo, watu wanne wamebanana bega kwa bega, skrini iko karibu na uso, na mlango unapofungwa kuna kitambo cha giza. Mama alianza kupumua kwa haraka na kutaka kutoka. Msichana alimshika mkono akamwambia ahesabu nyota kwenye skrini. Akavumilia mpaka mwisho. Baadaye aliniambia, kama jambo la kawaida, kwamba hata mjini hupanda ngazi hadi ghorofa ya saba kwa sababu hapendi lifti.

Kijana alikwenda Mars na kurudi akiwa salama. Anasema wakati wa kuruka kifua kilikuwa kizito, mashavu yanavutwa, na hakugeuza kichwa hata pua ilipomwasha.

Baba alikuwa amekaa pembeni yake. Roketi ilipochomoka alitaka kuona uso wa mwanawe, akageuka. Alipohisi vibaya akafumba macho, akitegemea kwamba kama kwenye gari kutatulia. Kukazidi. Mfuko wa kutapikia anasema hakuutumia. Mwanawe anasema tuulize tena. Alishuka mweupe midomoni, akakaa kwenye ukingo wa bustani ya maua chini ya kivuli, akameza promethazine ya Mama wakati tumbo limeshachafuka, na dawa ikamfanyia kazi yake nyingine tu: usingizi. Alilala kwenye benchi mpaka jioni, kofia usoni, huku familia ikipeana zamu ya kumlinda. Fataki za usiku hawakuziona. Tiketi ya siku moja ya bustani hiyo ni zaidi ya dola 100 kwa mtu, kwa hiyo saa hizo za benchi zina bei.

Uchambuzi

Jambo ninalolirudia kwa kila anayenisikiliza kuhusu kisa hiki ni kwamba maswali mawili yalichanganywa kuwa moja. Kama mwili wako una hatari ni swali la daktari, na jibu lake halibadilishwi na hamu, umri wala pesa ulizolipa. Kama utaugua kichefuchefu ni swali la sikio, na hapo hatari ni kuharibikiwa na siku, basi. Familia hii, kama nyingi, iliyatumbukiza yote mawili kwenye swali la tatu lisilo na maana, la nani jasiri. Matokeo yake ni kwamba Mama alikuwa karibu kuzuiwa kwa sababu ya jasho la mall badala ya presha ya 148, na mtu wa namna hiyo ni rahisi kumgeuza: ukimpa tembe ya kichefuchefu anaona kizuizi kimeondoka. Mama Mkubwa naye alijaribu kumgeuza pale mlangoni.

Shosho hakujua sentrifuji ni nini, lakini alikuwa na habari muhimu kuliko video zote za kijana. Historia ya ukoo hukaa kwa wazee, na mara nyingi hukaa kwa maneno yasiyofanana na ya hospitali: alianguka, alipigwa na jua, alirogwa. Siku hizi nikikaa na familia inayotaka mashine za nguvu, nauliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, na nauliza mbele ya bibi au babu kama yupo. Vijana hawalijui jibu. Wazazi wamelizoea mpaka hawalioni.

Kuhusu Baba, wenzangu wawili waliosoma rasimu walisema aliponzwa na baga. Sikubaliani nao sana. Baga na usingizi viliongeza, ila kijana alikula karibu chakula hichohicho na alikuwa na uchovu uleule. Tofauti yao ilikuwa kiti cha ofisi. Wote wawili walikuwa wameambiwa wasigeuze kichwa. Mmoja alikuwa ameshaonja kinachotokea ukigeuza. Mall ndiyo iliyomharibu Baba, kwa sababu ilimpa cheti cha mtihani wa somo lingine. Kama familia haina namna ya kujipima sawasawa, afadhali isijipime kabisa iende na tahadhari. Kiti kinafaa kwa mtu mzima wa afya au kijana, kikizungushwa polepole na mtu wa kukishika, na samani zikiwa mbali. Mwenye presha, mwenye shida ya shingo au mwenye kifafa asikijaribu.

Promethazine ilikuwa mikononi mwao tangu Nairobi na haikusaidia mtu. Kuiita ya Mama kulimpa Baba heshima na kumnyima dawa. Ukiniuliza, hapa ndipo fedheha iligharimu kitu kinachohesabika.

Karatasi ya friji ilifanya kazi mahali pamoja tu, lakini hapo ilifanya vizuri: iliufanya uamuzi wa Mama uwe wa wengine pia. Mtu aliyesimama foleni kwenye joto, nyuma yake watu, mbele yake dada mkubwa anayemcheka, hana nafasi ya kufikiri upya. Ila karatasi ilibeba tu tulichokiuliza. Saa ya kupanda iliandikwa bila kumhusisha mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayeendesha siku. Kama ningeipanga tena, Mama Mkubwa angepigiwa simu kabla ya yeyote.

La vichumba vilivyobana lilitupita wote. Tulikuwa tumetazama nguvu, mzunguko na kimo, tukadhani kijani ni machungwa yaliyopunguzwa makali. Kwa mtu anayeogopa kufungiwa, pande zote mbili ni sawa, maana mlango ni ule ule. Swali la lifti lingetosha, na halina gharama. Afadhali mtu ajue pia kwamba kabla ya mlango wa kichumba kufungwa bado anaweza kumwambia mhudumu anataka kutoka, na anatolewa bila maneno.

Linalobaki na ubishi ni Mama kwenye kijani. Tangazo la afya liko pande zote, na mwenzangu mmoja anashikilia kwamba mwenye presha angebaki chini na mkoba wa watoto, basi. Naelewa hoja yake. Kwa presha ile ya kliniki ya mara ya kwanza, ningesimama naye. Lakini uamuzi uliofanyika ulikuwa na kipimo cha asubuhi ileile, daktari aliyejua dawa zake, maji ya kutosha, na mashine isiyozungusha, na ulikuwa na mlango wa kurudi nyuma kama kipimo kingesoma vingine. Kama kingesoma 145, angebaki chini, na binti yake angepanda na mama mkubwa wake. Hilo nalo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi, kwa mwandiko wa Mama mwenyewe.